Mifuko thelathini ya saruji kwa usiku mmoja Posta

Mama mkwe wangu alipoambiwa tunakwenda kulala hoteli aliuliza swali moja tu, "Kwani kitanda cha humu ndani kimevunjika?"

Na mimi nilimwelewa. Yule ni mtu wa Newala, kwake yeye kulala hoteli una nyumba yako mji huo huo kuna maana mbili, ama umefukuzwa ama una jambo la kuficha, sasa mtu na mkewe wa ndoa wanajificha nini. Nikamwambia Bi Mkubwa ni kumbukumbu ya ndoa, tumefikisha miaka kumi. Akasema yeye na marehemu mzee walifikisha arobaini na moja na hawakuwahi kulala nje ila siku moja basi lilipokwama Somanga. Akaendelea kuchambua mchicha.

Tulioana Agosti 2015, mabasi ya mwendokasi hayajaanza bado, mnakumbuka Dar ya wakati ule, Kimara mpaka mjini unaweza kuolewa na kuachika humo humo kwenye daladala. Pesa ya hoteli niliitoa kwenye mchezo, sisi kina mama tuko kumi na mbili pale Kariakoo tunatoa laki kila mwezi, zamu yangu ikafika nikashika milioni moja na laki mbili, kubwa yote ikaenda kwenye ujenzi kama ilivyo ada ila laki nne na themanini nikaificha. Baba Nasra nilimwambia siku moja kabla. Alikaa kimya kidogo, midomo inachezacheza, halafu akasema, "Mifuko thelathini."

Nieleze hapo. Tuna kiwanja Kibaha, tumeanza kujenga 2021 na nyumba imesimama kwenye lenta mwaka wa pili sasa, na mume wangu tangu siku ya msingi hahesabu tena kwa shilingi, anahesabu kwa mifuko ya saruji. Mfuko anaupiga elfu kumi na sita. Ada ya shule ya mwanetu Hemedi ni mifuko fulani, simu yangu ilipovunjika kioo ilikuwa mifuko mitano, hata mchango wa harusi ya binamu yake aliutaja kwa mifuko mbele za watu. Na bei ya hoteli yenyewe nilitajiwa kwa shilingi moja kwa moja, zamani hoteli hizi zilikuwa zinakutajia dola ukirudi nyumbani ndo unapiga hesabu na kuugua taratibu, ila tangu zile kanuni za Machi 2025 za fedha za kigeni bei za humu ndani ni shilingi, kwa hiyo maumivu yanakuja pale pale.

Jina la hoteli naliacha, sina ubaya nao ila nitawasema kidogo huko mbele. Ni moja ya zile kubwa za mjini, unaifahamu hata kama hujawahi kuingia, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kuanzia 2011 mpaka 2014 nilikuwa natoa fotokopi kwenye duka la steshenari karibu na Sanamu ya Askari, kwahiyo kila siku naipita asubuhi na jioni. Milango yake ya kioo ikifunguka inatema ubaridi mpaka kwenye njia ya waenda kwa miguu, na mimi mwezi wa pili na wa tatu joto la Dar linavyochemsha nilikuwa nikifika pale napunguza mwendo. Najifanya natafuta kitu kwenye pochi. Milango ikifunguka napata hewa ya sekunde tatu nne, naendelea na safari. Miaka mitatu nimekula AC yao ya bure, basi nikajiwekea siku moja nitaingia nikae nayo mpaka niombe blanketi.

Jumamosi tukapanda mwendokasi Kimara na begi la shule la Hemedi, maana begi letu la safari zipu ilishakufa na kununua lingine ilikuwa ni mifuko. Tukashuka Posta ya Zamani tukatembea. Sasa kuna jambo wajenzi wa hoteli hizi hawakulifikiria, kwamba mgeni anaweza kuja kwa miguu. Njia yote ya kuingilia ni ya magari, mlinzi ana kile kioo cha kumulika chini ya gari, hana cha kutumulika sisi, kwahiyo akatuangalia, akaliangalia begi lenye picha ya roboti, akauliza kwa heshima kabisa, "Mna miadi na nani humu ndani?"

Baba Nasra akamjibu, "Na kitanda."

Tukaingia na ubaridi ukatupokea, na nakiri kwamba nilisimama mlangoni kama mjinga nikaachia ile milango ifunguke ijifunge mara mbili. Mapokezi binti mzuri tu mdogo mdogo akachukua vitambulisho vya NIDA, akatutajia dipoziti ya laki moja ambayo kwenye simu hakuna aliyeniambia, mifuko sita na chenji, nikaona mwenzangu anameza mate. Walikuwa wameniahidi na keki. Keki ilikuja saa kumi na mbili jioni, nzuri, imeandikwa majina ya watu tusiowajua. Tukaangaliana. Nikasema tupige simu chini, mwenzangu akasema ngoja kwanza tuionje tujue ni yetu au si yetu, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuiulizia, kama mlikuwa hoteli moja mjini mwezi wa nane na keki yenu haikufika basi mtusamehe, ilikuwa ya vanila.

Ghorofa ya tisa. Ukiingia unachomeka ile kadi ya mlango kwenye kijisanduku ukutani ndo taa na AC zinawaka. Kitanda kipana kiasi kwamba Hemedi na Nasra na bibi yao wangeingia na bado ukapata pa kugeukia. Shuka nyeupe, nyeupe ile ya kukutia wasiwasi. Mimi nikaenda dirishani, mume wangu akaenda kwenye fridji.

Dirishani niliona mji ambao siujui. Paa jekundu la vigae la Azania Front nililiona kwa juu mara ya kwanza, lile kanisa Wajerumani walianza kulijenga mwishoni mwa miaka ya 1890 na mimi siku zote nalijua kwa mnara na kivuli chake tu. Kule Mtakatifu Joseph. Kule New Africa, palipokuwa na hoteli ya Wajerumani ya tangu 1906, Kaiserhof. Na Kilimanjaro, iliyofunguliwa 1965, siku hizi ni Hyatt Regency. Marehemu baba mkwe alipokuja Dar ujanani alifanya vibarua bandarini na alikuwa anatusimulia kwamba kwao wao ukisema Kilimanjaro ilibidi mtu akuulize, mlima au hoteli, na kwamba vijana walikuwa wanakwenda kusimama ng'ambo ya barabara jioni kuangalia tu magari yanayoingia. Hakuwahi kuingia. Nilikuwa nataka kumwambia mwenzangu njoo uone hoteli ya mzee, nikasikia nyuma yangu kitu kinafunguka tss.

Alikuwa amefungua kikopo cha korosho.

Nikamwambia baba, hizo za kulipia. Akasema hapana, maji yameandikwa ya bure. Nikamwambia maji ndo ya bure. Tukatafuta ile karatasi ya bei, ilikuwa chini ya birika, korosho gramu 50 shilingi elfu ishirini na tano. Mfuko mmoja na nusu. Na laiti ingekuwa ni chokoleti au karanga za Ulaya yangeisha pale, lakini korosho, jamani, mtu ametoka Newala! Huyu amekulia chini ya mikorosho, amefukiza moto wa kubangulia mpaka mikono ina mabaka, kwao mpaka leo wana ekari tatu na msimu wa 2024 kwenye mnada wa kwanza bei ya korosho ghafi ilipovuka shilingi elfu nne kwa kilo walitupigia simu usiku kama kuna msiba, kumbe furaha.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kikopo mkononi, akaanza darasa. Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa inataka kilo nne mpaka tano za ghafi. Tufanye tano. Tano mara elfu nne, elfu ishirini, hapo mkulima keshamaliza kazi yake. Gramu 50 elfu ishirini na tano, zidisha mara ishirini, laki tano. "Mama Nasra, elfu ishirini imeingia kwenye kopo imetoka laki tano!" Nikamwambia kuna kubangua, kuna kukaanga, kuna kusafirisha, kuna kopo lenyewe, kuna VAT, kuna huyu dada wa mapokezi anataka mshahara. Akasema sawa, viweke vyote hivyo, bado nitafutie laki nyingine tatu ziko wapi. Sikuwa nazo. Tukazila moja moja, polepole, hatujawahi kula korosho kwa heshima ile, na zilikuwa zimelegea kidogo, kwa bei ile hazikuwa hata kavu vizuri.

Zikaisha. Na hapo ndo likatokea jambo ambalo sikulitegemea wala sikuwahi kulisikia kwa mtu, maana picha za watu wa anivesari huwa ni maua na miguu miwili kwenye bwawa.

Hatukuwa na cha kuongea.

Saa kumi na moja hiyo, AC inavuma, watoto hawapo, hakuna anayegombania rimoti, hakuna mama mkwe anayeita, simu tumekubaliana tuzime, na sisi wawili tumekaa kama watu walioshika namba hospitali. Nikafikiria niseme nini. Ada? Tulishaongea jana. Gesi imekaribia kuisha, hilo ni la kusema hotelini? Nikagundua mimi na huyu mtu kila siku tunaongea, tunaongea sana, lakini tunaongea kama watu wa zamu moja kazini, nani anamchukua mtoto, fundi kasemaje, umeweka LUKU ya umeme. Yeye akasafisha koo, akasema, "Hii AC ni ya inchi ngapi sijui." Nikamwambia sijui. Kimya tena.

Nikarudi dirishani kwa sababu dirisha halikuwa linanidai maongezi. Pantoni ilikuwa inatoka Magogoni kwenda Kigamboni, watu wamejazana mbele kama kawaida wakiwahi kushuka, kwa juu wanaonekana kama mtu amemwaga dengu kwenye sinia. Akaja akasimama pembeni yangu. Tukaangalia pantoni ikifika, ikirudi. Halafu akanyoosha kidole kule chini kwenye barabara, akasema, "Pale ndo palikuwa na kituo chako cha Mwenge."

Nikasema enhe. Pale ndo tulipokutana 2012, kwenye kugombania daladala za Mwenge jioni. Alikuwa ananishikia siti, ananilipia nauli, ananisindikiza mpaka Mwenge kwa sababu na yeye alikuwa anakaa huko kwa mjomba wake. Hiyo ndo hadithi yetu, watoto wanaijua, hata shehe aliigusia siku ya nikaha.

Akasema, bila kunitazama, "Sikuwa nakaa Mwenge."

"Ulikuwa unakaa wapi?"

"Tandika."

Wasiokaa Dar niwaelezee, Posta kwenda Mwenge ni kaskazini na Tandika ni kusini, hakuna namna mtu wa Tandika anapitia Mwenge kwa bahati mbaya. Huyu mtu alikuwa anatoka kazini pale bandarini, anapanda na mimi Mwenge, ananishusha, anaagana na mimi kama anaelekea kwa mjomba, anazunguka nyuma ya soko la vinyago, anapanda gari la kurudi mjini, halafu ndo anaanza safari ya Tandika. Anafika saa nne usiku. Miezi minane. Nikamuuliza na mjomba je. Akasema mjomba yupo, ila yuko Tandika.

Najua mngependa niseme nilimkumbatia. Nilikasirika! Mimi nilimwambia mama yangu mzazi huyu kijana anakaa Mwenge kwa mjomba wake, watu wa heshima, mama akauliza nyumba gani nikamtajia nyumba yenye geti la bluu ambayo huyu huyu alinionyesha kwa kidole. Nikamuuliza lile geti la bluu la nani. Akasema, "Hata mimi simjui." Na miaka kumi yote umekaa kimya? Akasema kila alipotaka kusema aliona muda umeshapita sana, na kadiri alivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu, ikawa kama deni la dukani unabadilisha njia. Nikamuuliza nauli zote hizo ulikuwa unatoa wapi. Akaanza kuhesabu na vidole, gari nne kwa siku, yangu na yake, siku tano za wiki, miezi minane, midomo inachezacheza, nikajua kinachokuja nikamwambia ukinitajia mifuko hapa nashuka naondoka.

Hapo tukacheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta. Na maongezi yakafunguka, tuliongea mpaka giza, sehemu nyingine si za kuandika.

Saa mbili njaa. Tukaangalia menyu ya chini, samaki mifuko mitatu, juisi ya embe mfuko na kitu, akasema yeye anatoka anakuja. Akachomoa kadi ya ukutani akaondoka nayo. Ya pili alikuwa nayo mfukoni tangu mapokezi wala hakukumbuka. Mlango ukajifunga, taa zikazima, AC ikazima, fridji ikanyamaza. Nikabaki gizani ghorofa ya tisa na mwanga wa mji tu. Sikujisumbua kupiga simu chini, nikavuta kiti dirishani.

Posta Jumamosi usiku hakuna mtu. Mimi hiyo sikuijua, mtaa ambao mchana unapigana vikumbo usiku ule ungeweza kutandika mkeka katikati ukalala. Taa za barabarani zinamulika lami tupu, mbwa mmoja, mlinzi wa benki kwenye kiti chake cha plastiki na redio. Baada ya kama dakika arobaini nikamwona anarudi kutoka upande wa Kisutu, mdogo kama kidole, begi la roboti mgongoni. Akafika kwenye kivuko cha waenda kwa miguu akasimama. Hakuna gari, hakuna pikipiki, na yeye amesimama anasubiri, anaangalia kulia, kushoto, kulia tena kama tunavyomfundisha Hemedi. Halafu akavuka. Nikaona anavyotembea, bega la kushoto limeshuka kidogo, vile vile mama yake anavyotembea, na sikuwahi kuliona hilo kwa sababu siku zote natembea naye sambamba, sijawahi kuwa juu yake.

Kwenye begi la shule kulikuwa na kuku wa kuchoma wa mtaa wa Libya, chapati nne, pilipili ya kufungwa kwenye nailoni, na ukwaju. Anasema kwenye lifti alipanda na wazungu wawili wamevaa suti na kuku ananukia begini, mmoja akawa anaangalia juu kwenye dari kana kwamba harufu inatokea kwenye kiyoyozi. Tulikula juu ya taulo. Lile doa la pilipili tulilifua sisi wenyewe kwenye sinki saa tano usiku kwa shampuu yao, sitaki kuulizwa.

Asubuhi boti ya saa moja ya Zanzibar ilipiga honi tukaamka. Kifungua kinywa kilikuwa ndani ya bei, kwahiyo hapo mume wangu alishuka na nia. Uji kwenye chombo cha fedha chenye mfuniko. Mihogo ya nazi kwenye vibakuli vya saizi ya kikombe cha kahawa, imekatwa pembe nne. Tukakaa nje karibu na bwawa na huko ndo tulikutana na wenyeji halisi wa mji, kunguru. Hawa waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 waje kula taka, taka zikawashinda wakavuka bara wakahamia kwenye sahani zetu. Mmoja alikuja kwa miguu, wala hakuruka, akapanda kiti cha tatu akakaa kama ameagiza. Nikageuka kuchukua chumvi, soseji ya mume wangu ikaondoka. Kumbe kuna mfanyakazi kazi yake ni hiyo, kavaa sare safi na tai ndogo shingoni, na mkononi ana manati. Hapigi. Anavuta tu mpira, kunguru wanaijua, wanaondoka, akigeuka wanarudi. Baba Nasra alimwita wakaongea muda mrefu kuhusu mpira wa manati, kwamba wa tyubu ya baiskeli ndo mzuri, ile ilikuwa furaha yake kubwa kuliko godoro.

Saa tano tukarudisha kadi, wakatukata korosho kwenye dipoziti, mlinzi yule yule akatupigia saluti.

Nyumbani Kimara tulikuta mlango wazi na kigiza ndani, feni imesimama, Hemedi yuko kifua wazi, LUKU iliisha tangu usiku. Bi Mkubwa hakutaka kutusumbua kwa simu, alisema wageni wa hoteli hawapigiwi. Mume wangu akavua shati akalitupa kwenye kochi, na kutoka mfuko wa kifuani ikadondoka kadi, ile ya pili, tulisahau kabisa kuirudisha. Mama mkwe akaiokota akaigeuza geuza, akauliza ya nini. Nikamwambia ya hotelini, unaichomeka ukutani taa zinawaka.

Akaisogeza karibu na macho.

"Na hii wanaijaza uniti ngapi?"